Siku Walipoambiwa Nikaote Jua

Kama kifua chako hukubana kila baridi ya mwezi wa saba inapoingia, na umri umesonga, na daktari amekupa vitamini akakwambia ukakae juani, nakuandikia wewe. Mambo ya dawa waulize wenyewe, mimi ni fundi wa nguo. Nakuandikia juu ya watu. Vidonge vile havikunidhuru hata kidogo. Waliokaribia kunimaliza ni watu walionipenda, na mpaka leo nikikumbuka damu hunichemka.

Jina langu ni Rasoa. Nilitoka magharibi nikamfuata mume wangu Nairobi mara tu baada ya uhuru, na alipofariki nikabaki Kibera, pale Mashimoni, nikishona sare za shule na kanzu za kwaya. Chumba changu kilikuwa na mlango lakini hakikuwa na dirisha. Ukifungua mlango unapokewa na ukuta wa jirani, na kati ya kuta mbili kuna mtaro wa maji machafu. Cherehani niliiweka ndani kabisa, mbali na mvua na mbali na wezi, kwa hiyo koroboi yangu iliwaka mchana kutwa. Niliketi kazini asubuhi nikainuka jua limekwenda zake. Watoto wa plotini walisema mama Wycliffe anaishi kama fuko, nami niliwacheka. Ni nani angefikiri kwamba mtu anaweza kukosa jua, tena katika Kenya hii?

Ulimi wangu nao haukuwa na likizo. Fundi yeyote akishona pindo lililopinda nilimwambia, hata kama hakuniuliza. Harusini macho yangu hayakuwa kwa bibi harusi, yalikuwa kwenye mshono wa mgongoni. Rafiki yangu Salome alikuwa akinicheka mpaka anashika mbavu. Alikaa chumba cha tatu kutoka changu, tuliimba sauti moja kwenye kwaya, na yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha watu wa kwetu, kile cha kusaidiana kwenye ugonjwa na mazishi. "Wewe Rasoa," aliniambia siku moja, "tukikuvisha nguo ya fundi mbaya, utaamka ndani ya sanduku utuambie tufumue." Tulicheka sana. Kicheko hicho kiweke akilini, nitakirudia.

Kifua kilianza na mvua ndefu. Kwanza mafua, kisha kikohozi, kisha kichomi upande wa kulia, kile cha kukufanya upumue nusu nusu kwa kuogopa. Kliniki walinipa dawa ya maji nikapata nafuu, nikarudi kwenye kazi. Mvua haijakauka, kikarudi. Nikapewa nyingine, nikapona, kikarudi tena. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, mimi nilikuwa tayari nimechoka.

Acha nikuambie mwili ulivyokuwa, kwa sababu wengi huona aibu kusema. Nikikohoa mkojo ulinitoka, mama mzima, nikawa nakunja vitambaa vya mabaki ya sare nivae ndani. Kanga niliyokuwa nikiifunga mara moja ikazunguka kiuno na kubaki. Mbavu zilinionyesha idadi yake. Vidole vilitetemeka hata nikashindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano, nikamwita Salome anitilie, naye akaja kila mara bila kununa. Hilo simnyimi. Mikono yake ilikuwa mizuri kwangu, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma vile.

Benchi la kliniki linajua watu kuliko kanisa. Unaketi mwisho, aliye mbele akiingia mnasogea wote kwa makalio, benchi zima, mpaka ufike mlangoni. Hakuna anayesimama, ukisimama umepoteza nafasi. Pale nilikutana na mzee mmoja mwenye kifua kama changu. Kila nikikohoa alinisogezea upepo kwa kofia yake. Hatukuulizana majina. Siku niliyozidiwa pale pale kwenye benchi, yeye ndiye aliyepiga kelele, "Huyu mama anaenda! Nyinyi hamuoni?" wakanibeba mpaka hospitali kubwa.

Ilikuwa nimonia. Wodini tulilala wawili wawili kitandani, kichwa kwa miguu. Mwenzangu alikuwa bibi mnene kutoka Ukambani, na miguu yake mikubwa ilinipa joto mbavuni usiku wote. Mungu ambariki bibi yule. Nilidungwa sindano asubuhi na jioni mpaka makalio yakajaa vinundu, nikawa nalala kifudifudi. Lakini sikulalamika. Kwetu sindano ndiyo dawa. Ukitoka hospitali bila kudungwa, watu wanakuuliza kama ulienda kusalimia. Mwanangu Wycliffe, fundi wa mawe, alikuwa akija wakati wa kuona wagonjwa, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Wamekudunga, mama?" Nikisema ndiyo, uso wake unafunguka.

Basi siku ya kuruhusiwa akaja daktari kijana, mwembamba, mwenye haraka. Wycliffe alisimama upande huu wa kitanda, Salome upande ule, mimi nimekaa katikati yao na nguo zangu nimeshavaa. Daktari akazungumza na mwanangu kwa Kiingereza, juu ya kichwa changu. Kisha akatoa chupa ndogo yenye vidonge vya manjano, laini, ndani mna mafuta. Wycliffe akauliza neno moja ambalo hata mimi nililijua: sindano. Daktari akatikisa kichwa. Akaonyesha dirisha, lile jua la nje. Akaenda zake.

Nikauliza, "Amesema nini?"

"Amesema uko sawa, mama," Wycliffe akajibu, lakini alikuwa anaangalia kamba za viatu vyake. "Ni vitamini. Vitamini D. Amesema ukae kwa jua."

"Na sindano?"

"Sindano zimeisha."

Nilimwona Salome akifuta pua kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Nikadhani ni mafua, nikamwambia ajiangalie asije akalala pale nilipotoka. Hakucheka. Ningejua wakati ule kilichokuwa kimeingia vichwani mwao, ningemrudisha daktari yule kwa kumshika koti.

Hawakunirudisha Mashimoni. Walinipeleka Gatina, kule Kawangware, kwenye ploti anayokaa Wycliffe na mkewe Beti. Kwetu mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, kwa hiyo nilipewa chumba cha pembeni, cha msichana mmoja wa kanisani. Lakini ua! Ua wa Gatina ulikuwa wazi. Jua lilianza kupiga ukuta wa mabati mapema na kukaa hapo mpaka saa za chai ya jioni. Beti alinitandikia mkeka, akaniletea kidonge changu na uji, na mimi nikakaa pale nimenyoosha miguu, mikono wazi, kama nilivyoambiwa. Siku za mwanzo nilikuwa nasinzia tu. Kisha nikaanza kusikia njaa. Kisha nikaweza kwenda chooni bila kushika ukuta. Nilikuwa nakiamini kile kidonge, nakuambia ukweli. Kila asubuhi nilikuwa nakiangalia kwenye kiganja kabla ya kukimeza, nikimshukuru yule kijana mwenye haraka.

Na watu wakawa wema! Hapo ndipo ningeshtuka, mtu mwenye akili timamu. Beti, ambaye kwa miaka yote tulikuwa tukivutana naye juu ya chumvi, sasa akawa ananiuliza nataka kula nini. Mwenye nyumba akapunguza redio. Wamama waliokuwa wakinidai sare walituma salamu kwamba nisijali, watoto wataenda na za zamani. Mteja akikwambia usijali, wewe jali! Kwaya ilikuja Jumapili ikaniimbia uani, na nyimbo walizochagua zote zilikuwa za safari na za ng'ambo ya mto. Nikawaambia, "Nyinyi, hakuna ya furaha?" Wakaangaliana. Wakaimba moja ya Krismasi, na Krismasi ilikuwa mbali.

Kisha firigisi. Beti alichinja kuku, tukaketi, na Wycliffe akaichukua firigisi kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Bibi yangu hakuwahi kuionja, mama yangu hakuwahi, na mimi nilimpa baba yake Wycliffe kila firigisi ya ndoa yetu. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si yangu." Akasema, "Kula tu, mama." Nikaila. Ilikuwa tamu, sina haja ya kudanganya. Nililia kidogo kwa kufikiri kwamba mwanangu ameniheshimu.

Siku chache baadaye Wycliffe akaleta cherehani yangu kwa mkokoteni, pamoja na meza yake na mkebe wa vifungo. Nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza kwa nini imeletwa na kila kitu chake. Salome alikuja nyuma yake na mfuko wa karatasi chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, kizuri, kizito kidogo, cha kukaa vizuri mwilini.

"Kuna mama mmoja wa kikundi," akasema. "Ni mgonjwa. Anataka gauni jeupe ya kanisa, ya mikono mirefu, ya kufika kwa miguu."

"Nitampima lini?"

"Hawezi kuja. Lakini mwili yake ni kama yako." Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Kama yako vile umepungua."

"Basi nitajipimia mwenyewe," nikasema, na nikajipimia.

Nililishona gauni lile uani, juani. Sikuwahi kushona mahali penye mwangaza namna ile, na nililifanya kwa mapenzi, nikimwonea huruma mama yule nisiyemjua. Kola ndogo. Mikono yenye vifungo viwili. Pindo nililishona kwa mkono, tundu kwa tundu, lisionekane upande wa nje, na Salome akaja mara mbili tatu kunitilia uzi. Nilipolijaribu Beti alitoka jikoni, akaniona nimesimama nalo kwenye jua, akarudi ndani mbio. Nikasikia sufuria inaanguka. Nikampigia kelele, "Polepole huko!" Salome alipokuja kulichukua alipitisha kidole kwenye pindo lote, mzunguko mzima. Halafu akasema, "Hii hakuna mtu atapata makosa." Nikajivuna, mimi mjinga.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kutembea mpaka dukani. Kohozi lilikuwa limekauka. Nilidhani wataona. Kumbe waliona, lakini walikuwa na jibu lao. Baadaye Beti aliniambia walivyokuwa wakinong'ona: ati mgonjwa hupata nguvu kidogo kabla ya kuondoka, ili aage watu. Kwa hiyo kadiri nilivyopona ndivyo walivyoharakisha.

Jioni moja Wycliffe akakaa kando yangu kwenye mkeka. "Mama, tumeona uende nyumbani upumzike. Hewa ya huko ni nzuri. Utapanda basi kesho kutwa, Salome atakusindikiza."

"Na kazi yangu? Shule zinafungua."

"Utarudi ukipona."

"Nimepona nusu tayari. Nitarudi lini?"

Akasema, "Tutaona, mama," na akanifunika miguu kwa kanga. Nikafikiri ni mapenzi. Nikakubali, kwani ni nani asiyetaka kuona nyumbani?

Beti ndiye aliyenifungia mzigo. Kesho yake mchana, yeye akiwa anaanua nguo, nikakumbuka vidonge vyangu. Nilitaka kuwa na hakika vimefungwa, kwa sababu kijijini kwetu usingepata kitu kama hicho. Nikafungua begi, nikatoa kanga, sweta, Biblia. Vidonge hakuna. Nikaingiza mkono chini kabisa na nikagusa karatasi ya nailoni. Nikaivuta. Ndani yake mlikuwa na lile gauni jeupe, limepigwa pasi, na juu yake soksi nyeupe mpya.

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwita Beti, "Beti! Gauni la yule mama mgonjwa limeingia kwenye mzigo wangu kwa makosa. Na vidonge vyangu mmevisahau."

Alisimama na nguo mikononi. Nguo zikaanguka kwenye matope, hakuziokota.

"Si makosa, mama," akasema.

Jua lilikuwa linapiga vile vile, na mimi nikasikia baridi mgongoni. Nikaangalia ile nguo. Nikaiona kola yangu, vifungo vyangu, pindo langu lisiloonekana. Yule mama niliyekuwa nikimwonea huruma siku zote zile alikuwa mimi.

Nilimtuma Beti akawaite wote wawili, na nikakaa na gauni magotini mpaka walipofika. Sikulia. Hasira ilinikausha machozi. Wycliffe alipoliona akataka kugeuka, nikamwambia, "Kaa chini. Na wewe Salome, kaa."

"Nani aliwaambia nakufa?"

Salome akamtazama Wycliffe.

"Wycliffe! Mimi ni mama yako. Nani?"

"Daktari," akasema. "Nilimuuliza kama atakudunga tena, akasema hapana. Akakupatia vitamini. Akasema ukae kwa jua. Mama, si tunajua hiyo maana yake? Wakishindwa na mtu hawakwambii kwa mdomo. Wanakupatia vitamini wanasema enda ukapumzike."

"Kwa hiyo mlinizika kwa sababu ya vitamini!"

"Kikundi kiliona," Salome akaingilia, "afadhali uende ukiwa unaweza kukaa kwa kiti ya basi. Unajua vile kupeleka mtu akiwa... unajua, Rasoa. Wewe mwenyewe umekaa kwa hiyo mikutano."

Ni kweli nilikaa. Tulikuwa tunafanya hivyo, mgonjwa wa kikundi akikatiwa tamaa tunampeleka nyumbani angali anaweza kuketi, akafie kwao. Lakini tulikuwa tunamwambia. Mzee aliyepelekwa mwaka uliotangulia alichagua mwenyewe siku, akatuaga mmoja mmoja. Hakuna aliyedanganywa kwamba anaenda kubadilisha hewa.

"Chumba changu cha Mashimoni kiko wapi?"

Wycliffe akainamisha kichwa. Tayari kulikuwa na mtu mwingine ndani.

"Na hii?" Nikainua gauni. "Salome, hii uliniletea kwa mkono wako. Ukaniangalia nikijipima. Ulikuja kunitilia uzi kwenye sindano, dada yangu, ukajua unatia uzi wa nini!"

Hapo ndipo alipolia. "Sasa ningempelekea nani?" akasema. "Umecheka pindo ya kila fundi Kibera yote. Nilikaa nikafikiria: Rasoa akilala na nguo ya mtu mwingine, atateseka. Nilitaka ulale na kazi yako mwenyewe. Haki ya Mungu, Rasoa, nilifikiria nakufanyia mazuri."

Nitakuambia jambo lililo gumu kulisema. Nilimwamini. Nilijua anasema kweli, kwamba alifanya vile kwa kunipenda, na bado nilitaka kumpiga na kile kiatu changu. Watu huniuliza kama upendo haukutosha kunituliza. Ng'o! Adui angeniwekea sumu ningemjua. Hawa waliniwekea firigisi.

"Vidonge vyangu viko wapi?" nikauliza.

Beti alivitoa juu ya kabati. Alikuwa ameona havina kazi tena, hakutaka vichukue nafasi kwenye begi. Nikameza kimoja mbele yao, kwa maji ya kwenye kikombe cha Wycliffe. "Kesho basi liende bila mimi," nikasema. "Sisi tunaenda kwa yule daktari. Na safari hii ataongea na mimi."

Asubuhi tulitoka Gatina kwa miguu, nikipumzika kila palipo na jiwe la kukalia. Wycliffe alitaka kunishika mkono nikamnyima. Benchi la hospitali ni kama lile la kliniki, tukasogea kwa makalio, mimi mbele, wao nyuma yangu. Zamu yetu ilipofika niliingia wa kwanza.

Daktari hakunikumbuka mpaka alipoiona chupa. Nikamwambia, "Mwanangu, niambie mimi kwa Kiswahili. Ninakufa?"

Akashtuka. "Nani amesema unakufa?"

"Wewe. Ulinipa vitamini."

Akaniangalia, akamwangalia Wycliffe, akaangalia tena ile chupa. Akanipima kifua mbele na nyuma, akaniambia nipumue, nikapumua mpaka mwisho, na hakuna kilichonichoma. Kisha akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza.

"Mama, sindano zilisimama kwa sababu zilimaliza kazi. Nilimuuliza kijana wako unaishi wapi, akasema chumba bila dirisha, unashona humo siku nzima. Mtu wa umri wako akikaa gizani mwili unakosa vitamini hii. Mifupa inaihitaji, hiyo sina wasiwasi. Kwa kifua, madaktari bado tunabishana. Sikuahidi kwamba utaacha kukohoa. Lakini niliona afadhali uwe nayo. Nilisema ukaote jua. Sikusema ukafe."

Nyuma yangu nilimsikia Wycliffe akivuta pumzi ya mtu anayelia. Sikugeuka. Nilikuwa bado na huyu wa mbele.

"Na kwa nini hukuniambia mimi? Nilikuwa nimekaa hapo. Masikio yangu hayakuwa na nimonia."

Daktari akaisogeza ile chupa upande wangu. Kisha akasema pole, na ninamhesabu kati ya wachache walioniomba radhi bila kunieleza sababu zao.

Kwa hiyo wewe unayesoma na kifua chako kinabana, nakusihi: mwambie daktari aseme na wewe. Uliza kila kidonge ni cha nini, na uliza mbele ya watu wako ili wote wasikie neno moja. Vitamini ukipewa meza, jua ukiambiwa ota, lakini usiache kurudi hospitali kichomi kikirudi, maana kidonge hicho hakiwezi kushika mahali pa sindano. Mimi mwenyewe baridi iliyofuata nilikohoa, nikaenda mapema, nikatibiwa, sikulazwa. Kama ni kidonge, kama ni jua, kama ni hasira, sijui. Na watu wakianza kukutendea wema usio wa kawaida, waulize sababu.

Nilirudi Mashimoni mvua fupi zilipokwisha. Chumba changu kilikuwa kimekwenda, nikatafuta kingine juu kidogo, mahali ambapo hakuna ukuta mbele ya mlango. Niliwaambia wenye ploti sitaki kuona kitanda kinakaa wapi, nataka kuona jua linaingia wapi. Cherehani niliiweka mlangoni. Wycliffe ndiye aliyeisukuma kwa mkokoteni, peke yake, mpaka Kibera. Yeye nimemsamehe, kwa sababu ni mwanangu na sina mwingine. Ila firigisi naila mpaka leo kila akichinja kuku, na simuulizi mtu.

Salome alikawia kuja. Alipokuja alinikuta nimeketi mlangoni asubuhi, nashona, na nimevaa lile gauni jeupe. Ile mikono mirefu nilikuwa nimeikata juu ya viwiko, jua lipate ngozi. Nguo ya kuzikiwa haishonwi mfuko, lakini hii niliitia mmoja upande wa kulia, na chupa ya vidonge ilikuwa humo.

Alifunika mdomo. "Rasoa! Umevaa hiyo?"

"Ni yangu. Si ulisema mwili ni wangu?"

Alisimama pale kwenye njia, watu wanampita na madebe yao ya maji, hajui kama aingie au arudi. Sikumkaribisha, wala sikumfukuza. Mwishowe akakaa kwenye kizingiti, akaona uzi umenitoka kwenye tundu la sindano, akanyoosha mkono kama zamani. Nikampa sindano. Akatia uzi, akanirudishia.

"Sasa umeikata," akasema polepole. "Siku ikifika tutakuvisha nini?"

"Siku ikifika," nikamwambia, "niletee kitambaa na uniambie ni cha nani. Nitashona."